Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuwaelezea Watu wa Bandarini Utafiti wa Kasa Wakauelewa

Waratibu wengi wa utafiti wa wanyama wa baharini hapa Mombasa hukwama mahali pamoja. Kazi ya uwandani inakwenda sawa, data zinaingia, ripoti inaandikwa. Inapofika siku ya kuwaeleza watu wa bandarini ni nini hasa kinachofanyika, baraza linavunjika kwa kelele, au linaisha kwa makofi ya adabu na kila mtu anaenda zake. Kisha kasa aliyenaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa kutega, anachinjwa huko huko majini, kibati chake cha namba kinatupwa, na habari za miaka mingi ya safari zake zinazama nacho.

Nawaandikia waratibu, wanafunzi wa shahada wanaofanya utafiti Pwani, na wanachama wa kamati za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo na bandari) wanaoombwa kuwa wasemaji wa miradi. Mfano wangu ni kasa, kwa sababu ndiye mnyama anayeleta maswali mengi zaidi kutoka Mtongwe hadi Bamburi. Kazi yako ikiwa ni ya papa, pomboo, nguva au kima wanaoingia majumbani, hatua ni hizi hizi. Utabadilisha vifaa tu.

## Vitu vya kuandaa

- Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kibali cha utafiti wa wanyamapori. Beba nakala zilizopigwa plastiki. Watu wakiomba kuziona wana haki, na mradi usioweza kuonyesha karatasi zake haufai kuita watu.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi huo.
- Kasa wa plaiwudi wa ukubwa halisi, mwenye mgongo uliovimba kidogo. Gamba la kasa wa kawaida (yule anayeitwa green turtle kwa Kiingereza) aliyekomaa hukaribia mita 1. Fundi seremala yeyote atakutengenezea.
- Vibati halisi vya namba viwili au vitatu, pamoja na koleo lake.
- Tepu ya fundi cherehani, ile laini inayokunjika.
- Ndara kuukuu. Utaona kazi yake katika hatua ya tano.
- Ramani kubwa yenye majina ambayo wavuvi wenyewe huita miamba, milango na vilindi. Ramani yenye namba za latitudo peke yake haitamsaidia mtu pale.
- Daftari la maswali, na mtu wa kuliandika ambaye si wewe.
- Spika ndogo ya betri, maji ya kunywa, chai na mahamri. Projekta iache ofisini. Mchana ufuoni haionyeshi kitu, na ikigoma baraza zima litakaa likikutazama ukihangaika na waya.

Onyo: usibebe gamba, fuvu wala yai la kasa kama kielelezo bila kibali maalumu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na nyara ya mnyamapori, na ukisimama mbele ya watu umeshika gamba umewafundisha kwamba mwenye kitambulisho cha ofisi anaruhusiwa na wao hawaruhusiwi.

## Hatua ya 1: Ufupishe utafiti wako uwe sentensi moja

Chukua karatasi, andika utafiti wako kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kuibeba hadi nyumbani. Wengi huanza na ile ya kwenye maombi ya fedha: "Mradi unalenga kutathmini mienendo ya kimaeneo ya idadi ya kasa kwa mbinu ya kuweka alama na kukamata tena." Hiyo imeandikwa kwa ajili ya wafadhili. Mvuvi mpe hii:

"Tunamvisha kasa kibati chenye namba, tunamwachia, na yeyote akimwona tena tunajua ametoka wapi na imepita miaka mingapi."

Kwa nini sentensi moja? Kwa sababu baraza lina watu wachache kuliko kijiji. Wengi watausikia utafiti wako kwa mdomo wa mtu mwingine, kwenye kahawa au kwenye kivuko cha Likoni, na usipowapa maneno ya kubeba watabuni ya kwao.

Utajuaje imekaa sawa: msomee jirani au dereva wa tuktuk, kisha kesho yake umwombe akurudishie. Akikurudishia kwa maneno yake na maana ikabaki, endelea. Akisema "ni ile kazi yenu ya kuhesabu samaki," rudi kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Orodhesha hofu za watu

Waratibu hupenda kuandika orodha ya wahudhuriaji. Mimi nakuomba uandike orodha ya wanachokiogopa, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikilizi mpaka hofu yake itajwe.

Mvuvi wa jarife anaogopa kwamba wavu wake utapigwa marufuku. Mvuvi wa malema (mitego ya kufumwa) na mshipi anaogopa kufungiwa mwamba. Mama karanga, anayenunua samaki bandarini akakaange na kuuza mtaani, anaogopa kwamba samaki watapungua sokoni na deni lake kwa tajiri litabaki pale pale. Vijana wanaotembeza watalii wanataka kujua kama watafukuzwa ufuoni usiku wakati wa kasa kutaga. Wazazi wanawaza kuhusu watoto wanaoonekana kwenye picha zenu.

Hofu ya kufungiwa bahari hapa kwetu ina mizizi. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Ndani ya hifadhi yenyewe havuliwi samaki hata mmoja, na katika eneo la akiba linaloizunguka unaruhusiwa uvuvi wa kiasili. Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wapo, na mtoto wa mzee huyo leo ndiye nahodha. Anapoona mtu mwenye daftari na fulana yenye nembo anajiuliza kitu kimoja tu. Ukiingia na picha za kasa mrembo kabla ya kukijibu, unaongea na upepo.

Orodha hii usiiandikie ofisini. Nenda bandarini siku chache kabla, ukae wakati mashua zinaingia na samaki wanapimwa, usikilize. Usitoe daftari.

## Hatua ya 3: Panga siku kwa kufuata maji

Hapa ndipo mabaraza mengi hufa kabla hayajazaliwa. Mratibu anaandika "Jumamosi saa nne asubuhi" kwa sababu ndiyo nafasi ya gari la ofisi, na inakuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa asubuhi hiyo hiyo, kuanzia saa tatu hivi hadi saa tano. Miamba inakuwa wazi, na wavua pweza wote wako huko na mikuki yao. Utahutubia viti.

Chagua siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na watu hawana haraka. Msimu nao una maana yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki sana, na watu wanapatikana bandarini wakishona nyavu. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na kila mtu anatafuta. Ukimwita mvuvi baraza siku hizo umemnyang'anya chakula.

Ijumaa mchana iache. Mwezi wa Ramadhani ukilazimika, fanya baada ya swala ya alasiri na uwe mfupi. Saa nzuri kwa kawaida ni baada ya alasiri, jua limepungua na samaki wa asubuhi wameshauzwa. Waulize mama karanga kando kuhusu saa yao, kwa sababu jioni ndiyo wako kwenye karai. Wasipoweza kuja pamoja na wanaume, fanya baraza lao peke yao. Ni kazi ya ziada, lakini ndio wanaojua kila kinachoteremshwa na kila kinachofichwa.

## Hatua ya 4: Ingia kwa mlango

Barua kwa chifu, barua kwa mwenyekiti wa BMU, kisha uende mwenyewe. Barua peke yake husomwa kama amri. Ukifika kwa mzee, shikamoo kwanza na habari za nyumbani, kazi itafuata.

Mwombe mwenyekiti akuchagulie mtu wa kukukaribisha siku ya baraza, na usimfundishe la kusema. Mpe ile sentensi moja, mengine ayaseme mwenyewe.

Suala la posho lizungumzwe hapa, kabla ya siku yenyewe. Sema wazi mnatoa nini: chai na nauli, au chai tu. Watu hawakasirikii chai peke yake. Wanachokasirikia ni kudhani kuna bahasha na isiwepo, au iwepo kwa wachache.

Utajuaje umeingia sawa: mwenyekiti anaanza kukupa majina ya watu ambao wasipoalikwa watalalamika.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe, mikono ianze kabla ya maneno

Wenyeji wakitaka dua, dua itangulie. Baada ya salamu taja hofu kubwa ya mahali hapo mwenyewe, kabla hujaulizwa: "Najua wengine wenu mnajiuliza kama tumekuja kufunga bahari. Nitalijibu hilo leo, wala sitalikwepa." Kisha mlaze kasa wa plaiwudi kwenye mkeka katikati, watu wamzunguke. Usisimame nyuma ya meza.

### Wapime wao

Toa tepu. Mwite nahodha mmoja, kijana mmoja na mama mmoja. Waonyeshe: ncha moja inaanzia kwenye ukingo wa gamba nyuma ya shingo, tepu inafuata mviringo wa mgongo, inaishia ncha ya nyuma ya gamba. Kila mmoja apime bila kuona jibu la mwenzake, na mwandishi aandike kwenye kadibodi kwa kalamu nene.

Namba tatu hazitafanana. Mmoja atapata 99, mwingine 101, wa tatu 102. Zogo litazuka papo hapo: nani amevuta tepu sana, nani ameanzia mbali. Waache wabishane kidogo, kwa sababu wanabishana juu ya utafiti wenyewe. Kisha waeleze kwamba ndiyo sababu nyinyi hupima zaidi ya mara moja na kuchukua wastani, na kwamba mtu akiwaambia kasa fulani amekua sentimita moja kwa mwaka wana haki ya kumuuliza alipima mara ngapi na kwa mkono wa nani. Hakuna hotuba ya nusu saa inayofikisha jambo hili vizuri kuliko ile tepu.

### Washike kibati

Vipitishe vibati mkono kwa mkono. Ni vyepesi, vina herufi na namba upande mmoja na anwani ya kurudishia upande wa pili. Kisha chukua ile ndara. Mpira wake una unene wa kutosha kuonyesha jinsi kibati kinavyoingia kwenye ukingo wa pezi la mbele, karibu na mwili. Banisha na koleo mara moja, watu wasikie mlio na waone ncha ikipenya na kujikunja upande wa pili. Mpe kijana ajaribu.

Ukiulizwa kama kasa anaumia, sema ukweli: anahisi uchungu wa muda mfupi, na kidonda hupona. Ukisema haumii, yule aliyewahi kumshika kasa na kuhisi akijivuta atajua unadanganya, na kuanzia hapo kila neno lako litapunguzwa bei.

### Wape kitu cha kwao

Usimalize onyesho bila kuwaachia ujuzi wanaoweza kuutumia. Kwa kasa, ujuzi huo ni wa yule aliyenaswa wavuni na kutolewa akiwa amelegea kama maiti. Wengi humrudisha majini wakidhani ataamka, naye anazama na kufa. Kasa anapumua hewa kama sisi, na aliyelegea huenda mapafu yameingia maji.

Waonyeshe kwa yule wa plaiwudi: mlaze kwa tumbo, inua sehemu ya nyuma iwe juu kidogo kuliko kichwa ili maji yatoke, mweke kivulini, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua. Usimlaze chali, usimmwagie maji puani. Anaweza kuchukua saa kadhaa kuzinduka. Akianza kupiga mapezi kwa nguvu, mwachie taratibu pembeni mwa chombo, injini ikiwa imezimwa na nyavu zikiwa mbali.

Onyesho lote lisipite dakika 20. Muda uliobaki ni wa maswali.

## Hatua ya 6: Namba ziseme kwa lugha ya watu

Asilimia ziache kwenye ripoti. "Kati ya kasa kumi tuliowaona, saba walikuwa wadogo" inaeleweka. "Asilimia 70 ya sampuli ilikuwa na wasiokomaa" haiendi popote.

Neno sampuli lenyewe lielezwe. Mimi hutumia mchuzi: mpishi haonji sufuria nzima, anaonja kijiko, lakini lazima akoroge kwanza, la sivyo ameonja mafuta ya juu tu. Kisha waulize wao: tukiwapima kasa wa Nyali peke yao, tumekoroga? Watakujibu vizuri kuliko wanafunzi wengi wa chuo, kwa sababu wanajua kasa wa nyasi za baharini na wa kwenye mwamba si wale wale.

Kuna namba moja ninayoomba muitumie kwa uangalifu, ile ya "kitoto kimoja kati ya elfu hufika utu uzima." Ni kadirio la jumla, na makadirio hutofautiana sana. Haikupimwa kwenye ufuo wa Bamburi, kwa hivyo usiiseme kana kwamba mmeipima.

Za kutumia bila wasiwasi ni hizi: kiota cha kasa wa kawaida huwa na mayai mia moja na kitu, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Kasa huchukua miongo kadhaa kukomaa. Joto la mchanga ndilo huamua kitoto kitakuwa dume au jike. Mpaka uko karibu na nyuzi 29, mchanga ukipata joto zaidi majike huzidi. Hili la joto husisimua kila baraza. Litumie kueleza kwa nini mnafukia vipimajoto ufuoni, kwa sababu vifaa vilivyofukiwa bila maelezo hufukuliwa.

## Hatua ya 7: Maswali mazito

Usiyakimbie, wala usimpe msaidizi ayajibu. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

"Mtatufungia bahari?" Ahidi unachokimiliki tu. "Utafiti huu hauna mamlaka ya kufunga chochote. Matokeo yake serikali itayasoma pia, na siwezi kuwaahidi itaamua nini. Ninachoahidi ni kwamba nyinyi mtayasikia kwanza, hapa hapa, na mtasema pale ambapo tumekosea." Ukisema "hapana, kamwe," na baada ya miaka mitatu kukatangazwa tengefu, yaani eneo lililofungwa kwa uvuvi, kila mtafiti atakayekuja baada yako atalipa deni lako.

"Kile kidude mgongoni ni kamera ya kutuchunguza?" Swali hili huja pale mnapotumia kifaa cha setilaiti. Kibebe kilichoharibika, wakigeuze mkononi. Hakina lenzi. Hutuma ishara kasa anapoibuka kupumua, antena ikiwa juu ya maji, na hutoa mahali alipo kasa. Kimebandikwa kwa gundi ngumu na mwishowe hubanduka chenyewe.

"Nimekata wavu wangu kumwokoa. Nani atanilipa?" Kama mradi wenu una fungu la kushona nyavu, sema kiasi na utaratibu. Kama hauna, sema hauna. Usijibu kwa maneno ya "tutaangalia." Mvuvi aliyekata wavu amepoteza mapato ya siku, pengine ya juma zima, na amefanya hivyo kwa ajili ya kazi yako. Mpe heshima ya jibu lililonyooka, na liandikwe kwenye daftari kama hoja ya kupeleka kwa wafadhili.

"Tumesikia kwenye simu kwamba kasa wamepona, sasa shida iko wapi?" Swali la haki kabisa. Mwezi Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa linaloandika orodha ya wanyama walio hatarini, lilimtoa kasa wa kawaida kwenye kundi la walio hatarini, baada ya idadi yake duniani kuongezeka. Usilikanushe, ni habari njema, na imeletwa na miongo ya watu kulinda fuo na kuacha kula mayai. Eleza kwamba hesabu hiyo ni ya dunia nzima, na kuna sehemu bado wanapungua. Ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa ndege, yumo bado kwenye kundi la hatari kubwa kabisa. Na sheria ya Kenya inaendelea kuwalinda wote.

"Babu zetu walimla, mbona sisi tusile?" Usimkosee mtu babu yake. Sema sheria, kisha sema la afya, kwa sababu la afya ndilo watakalofika nalo nyumbani. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu. Haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Haina dawa inayojulikana. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Kwenye baraza la akina mama ongeza kwamba mama anayenyonyesha akila anaweza kumdhuru mtoto kupitia maziwa. Lisemwe kwa sauti ya kawaida. Ni msiba wa watu kama sisi, na pengine aliyekaa mbele yako ana jamaa Pemba.

Na swali usilolijua? "Silijui, nitauliza, jibu litaletwa na fulani, siku fulani." Jina na siku viandikwe mbele ya watu. Kisha ulipeleke.

Utajuaje baraza limefaulu: makofi si kipimo. Sikiliza kama swali la pili linazaliwa na jibu la kwanza. Sikiliza kama mvuvi mmoja anamjibu mwenzake kabla yako, na anajibu sawa. Baada ya kumaliza, watu wakibaki na chai yao wakimzunguka kasa wa plaiwudi, kazi imeingia.

## Hatua ya 8: Redio na WhatsApp

Vituo vya hapa, kama Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma, hufika mahali ambapo baraza halifiki. Peleka ile sentensi moja, mfano mmoja na namba moja. Nenda na mvuvi, yeye aongee zaidi yako. Omba mapema simu zipokelewe, la sivyo ni tangazo tu.

WhatsApp ina hatari zake. Usitume picha ya kiota inayoonyesha jengo au mti unaojulikana, wala picha iliyobeba taarifa za GPS. Ramani za setilaiti zionyeshwe zikiwa zimechelewa. Picha za watu ziombewe ridhaa, za watoto ziombewe kwa wazazi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu miradi yetu pia. Na sauti ya dakika moja husikilizwa kuliko andiko refu.

## Hatua ya 9: Rudisha majibu

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Watu wa Pwani wamepimwa, wamehojiwa na kupigwa picha na miradi isiyohesabika, na mingi haikurudi. Nimesikia wazee wakiita watafiti "wageni wa karatasi." Neno hilo linauma kwa sababu ni la kweli, na hakuna ufundi wa kuongea utakaolifuta isipokuwa kurudi.

Weka fedha za kurudi kwenye bajeti tangu siku ya kuandika maombi: usafiri, chai, ubao, uchapishaji. Mwisho wa mradi fedha hizo huwa zimeisha, na hapo ndipo ahadi hufa.

Rudi hata kama matokeo hayajakamilika. Baada ya miezi sita kuna la kusema: vibati vingapi vimevishwa, vingapi vimeonekana tena, wapi. Kama hakuna hata kimoja kilichoonekana, sema hivyo na ueleze kwa nini hilo nalo ni jibu: kasa husafiri mbali, na anaweza kukaa miaka kabla ya kurudi kutaga. Peleka rasimu ya ripoti ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, herufi kubwa. Isomwe kwa sauti, kwa kuwa si kila mtu amekuja na miwani. Majina ya mahali yahakikishwe na wao. Wavuvi wakikwambia jambo halikwenda hivyo, liandike, ulichunguze, na kama wana haki ripoti ibadilishwe kabla haijachapishwa, na mchango wao utajwe.

Tundika ubao bandarini, mahali samaki wanapopimiwa. Uwe na mambo matatu: vibati vilivyopatikana mwezi huo, maswali yaliyojibiwa kutoka kwenye daftari, na namba ya simu. Asiyeuhuisha ubao kila mwezi heri asiutundike. Ubao wenye tarehe ya mwaka juzi unawatangazia watu kwamba mmeondoka.

Simu hiyo iwe na mtu saa zote, kwa sababu jarife hulala majini usiku na kasa hupatikana alfajiri. Anayepokea asianze kwa kuuliza "Ulikuwa unavua wapi?" Hapo mvuvi atakata. Aanze kwa shukrani, kisha: kasa yu hai? Amelegea? Amwongoze jinsi ya kumlaza. Baadaye ndiyo aulize namba ya kibati, mahali kwa jina la wenyeji, saa, na picha ikiwezekana. Kabla juma halijaisha mpigie tena mvuvi huyo, kwa jina lake, umweleze kasa wake alivishwa kibati wapi, mwaka gani, na amekua kiasi gani tangu siku hiyo. Ukishampigia, namba hiyo hiyo na jina la aliyeiripoti, kwa ridhaa yake, viandikwe kwenye ubao.